Buluu ya Ziwa Nakivale Inatengenezwaje

Kila mwaka tukifika kwenye mada ya mimea, lazima atokee mwanafunzi wa kuuliza: "Madamu, rangi inaingiaje ndani ya ua?" Mara nyingi ni mtoto anayeishi karibu na ziwa, na ana haki ya kuuliza. Amewahi kung'oa yungiyungi akaona mizizi imezama kwenye tope jeusi. Amechota maji ya ziwa akayakuta yamechanganyika na udongo. Jani ni la kijani. Halafu juu ya hayo yote linachomoza ua la buluu. Buluu hiyo ilikuwa wapi?

Ninafundisha sayansi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na vita ndivyo vilivyonihamishia kando ya ziwa hili dogo. Makazi yenyewe yalikuwepo kabla sijazaliwa. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini kengele ikishalia, Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanakutana kwenye Kiswahili, na swali la ua huwa linajibiwa vizuri zaidi hapo, chini ya mti, bila haraka ya ratiba.

Jibu ni kwamba buluu haikuwa mahali popote. Tope halina, maji hayana, na kikonyo hakikuibeba kutoka chini. Rangi hutengenezwa ndani ya petali yenyewe, seli kwa seli, ua likiwa bado limefumba. Kutoka nje mmea hupokea maji, kaboni dioksidi, mwanga na madini kidogo. Yaliyobaki ni kazi yake mwenyewe, na ni kazi ya kustaajabisha kiasi kwamba ninaona ni dhuluma kumwambia mtoto "Mungu ameliumba hivyo" kisha kufunga kitabu. Ameliumba hivyo, ndiyo. Na namna lilivyoumbwa inaweza kuelezwa hatua moja baada ya nyingine.

Tuanze na ua lenyewe. Ziwa Nakivale limo katika mtandao wa maziwa madogo na maeneo oevu yanayolishwa na mto Rwizi, huo huo unaopita mjini Mbarara. Ziwa Mburo limo humo, na Kachera pia. Tangu 2006 maeneo oevu ya Mburo na Nakivale yamo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa unaolinda sehemu za namna hii. Ukisimama ufukweni unaona kwanza mafunjo marefu. Mbele yake, pale maji yanapotulia na kina ni kifupi, ndipo majani ya yungiyungi yanapoelea. Wataalamu huliita Nymphaea nouchali, aina ya caerulea. Petali zake zina ncha, buluu imekolea kuelekea kwenye ncha na kufifia kadiri inavyoingia ndani, na katikati kuna njano. Mvuvi mmoja mzee aliniambia nilipomwomba anipitishe kwa mtumbwi: "Dada Mwalimu, ukitaka kuyaona wazi uje kabla ya saa sita. Jua likigeuka yanajifunga." Ndivyo yalivyo. Yungiyungi jeupe la Afrika, Nymphaea lotus, lina desturi ya kinyume: hufunguka usiku, wakati weupe ndio unaoonekana na wadudu wa giza.

Ukiwa hapo, geuza na jani. Upande wa chini mara nyingi una rangi ya zambarau. Hiyo zambarau na ile buluu ya ua ni za ukoo mmoja wa kemikali.

Watu wengi wakiona yungiyungi kwenye picha husema hiyo ni lotasi. Lotasi ya Asia, Nelumbo nucifera, ni mmea mwingine. Maua na majani yake husimama juu ya maji kwa vikonyo virefu, na katikati ya ua kuna kikombe chenye matundu ya mbegu. Wanafunzi wangu hawaamini ninapowaambia kwamba kwa nasaba lotasi iko karibu zaidi na mgrivilea, mti tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba ili tupate mbao na kuni, kuliko ilivyo karibu na yungiyungi. Lakini ndivyo inavyoonyeshwa na uchunguzi wa jeni: lotasi na mgrivilea wamo katika oda moja, ilhali ukoo wa yungiyungi ulijitenga mapema sana, kabla ya karibu mimea yote mingine ya maua iliyopo leo. Yungiyungi na lotasi wanafanana kwa sababu wanaishi maisha yanayofanana majini. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa litahitajika tukifika kwenye weupe.

Sasa kazi yenyewe. Nikienda Mbarara kununua vifaa vya shule, hupita sokoni kwa mafundi cherehani. Mmoja anakata, wa pili anaunga, wa tatu anatia vifungo, wa nne anapiga pasi. Nguo inapita mkono kwa mkono, na kila fundi anajua jambo lake moja tu. Ndani ya petali mafundi hao ni vimeng'enya, na kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Fundi mmoja asipokuja, waliomfuata hawana cha kufanya hata wakiwa na ujuzi wote.

Kazi huanza na fenilalanini, asidi amino ambayo imo hata kwenye maharagwe tunayopika kila siku. Kimeng'enya cha kwanza huiondolea naitrojeni. Vingine huiongezea kaboni hadi ipatikane kalkoni, yenye unjano kidogo. Kalkoni hukunjwa ikawa naringenini, isiyo na rangi kabisa. Hii ikiungana na sukari ndiyo inayoleta uchungu wa balungi. Baada ya hapo vimeng'enya viwili hushindana kuipachika molekuli oksijeni kwenye mojawapo ya pete zake, na hapa ndipo mimi husimama darasani na kuchora ubao mzima, maana hapa ndipo rangi inapochagua njia. Pete hiyo ikibaki na kundi moja la oksijeni na hidrojeni, mwisho wake ni pelargonidini, rangi ya machungwa iliyokolea. Yakiwa mawili ni sianidini, wekundu wa waridi. Yakiwa matatu ni delifinidini, zambarau na buluu. Kati ya wekundu wa waridi na buluu ya ziwa letu kuna atomu moja ya oksijeni.

Waridi hawana jeni ya kuweka kundi la tatu. Ndiyo maana katika mabanda yote ya waridi hapa Uganda na Kenya, yanayojaza ndege za kwenda Ulaya, hutakuta waridi la buluu. Kampuni ya Suntory ya Japani, pamoja na Florigene ya Australia, iliwapachika waridi jeni ya ua la jamii ya viola, ikatangaza mafanikio mwaka 2004 na kuanza kuuza maua hayo Japani mwaka 2009. Hata hivyo waridi hao wana rangi ya zambarau hafifu. Kupata delifinidini ni jambo moja, na kuifanya iwe buluu ni jambo jingine.

Mwaka 1999 wakemia wawili wa Norwei, Torgils Fossen na Øyvind Andersen, walichapisha muundo wa pigmenti, yaani kemikali za rangi, za yungiyungi la buluu. Walikuta delifinidini, kama ilivyotarajiwa, lakini sukari yake ilikuwa imefungwa mahali ambapo mimea mingine kwa kawaida haiifungi, na juu ya sukari hiyo palikuwa na asidi galiki, ambayo imo pia kwenye majani ya chai. Mmea haukutosheka na kutengeneza pigmenti. Uliiunga kwa namna yake wenyewe. Viungo vya aina hii, pamoja na uchachu wa maji yaliyomo ndani ya seli na madini yanayoshikamana na pigmenti, ndivyo vinavyoamua delifinidini ile ile ionekane zambarau hapa na buluu ya anga pale.

Lotasi nyekundu imekwenda njia tofauti kidogo kutoka kwenye chanzo kile kile. Wachunguzi wa China walikuta kwenye petali zake pigmenti tano za kundi la anthosianini, kundi lile lile la rangi za delifinidini na sianidini, na iliyo nyingi zaidi ni malividini. Malividini ni delifinidini iliyofunikwa makundi yake mawili kwa kaboni na hidrojeni, na kufunikwa huko huivuta kuelekea kwenye wekundu. Imo pia kwenye zabibu nyeusi. Lotasi ya njano ya Amerika, Nelumbo lutea, haina anthosianini kwenye petali zake. Unjano wake unatokana hasa na karotenoidi, zile zile zinazotia rangi karoti na embe bivu. Bogonvilia nayo, inayoning'inia kwenye kuta za nyumba nyingi Mbarara, ina pigmenti za jamii ya tatu ziitwazo betalaini. Ukoo wa mimea yake, pamoja na mchicha mwekundu na bitiruti, hutumia betalaini mahali pa anthosianini, na haujapata kuonekana mmea wenye zote mbili. Kwa nini, bado wataalamu wanabishana.

Suala la uchachu mtu anaweza kulijaribu jikoni, na nawasihi wazazi walifanye pamoja na watoto wao. Nunua choya kavu sokoni, ile ya kutengenezea kinywaji chekundu. Chemsha, chuja, gawanya kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache. Ya pili kamulia limau: wekundu unang'aa. Ya tatu tia maji ya majivu kidogo kidogo, yaliyochujwa kama wanavyoyachuja akina mama wa kwetu Kivu kwa kulainishia mboga: wekundu unageuka zambarau, kisha unaelekea buluu, na ukizidisha unaona ukijani. Ukiiacha glasi hiyo, rangi inakufa, kwa kuwa majivu yanaivunja molekuli yenyewe. Choya ina delifinidini na sianidini, kwa hiyo kilicho mbele yako ni ndugu wa rangi ya ziwani. Ninapolifanya darasani, glasi zote tatu huziacha mezani hadi kipindi kiishe, ili wakiondoka wawe wameona kwamba pigmenti moja inaweza kuwa na nyuso tatu.

Mjerumani Richard Willstätter aliushangaza ulimwengu kwa jambo hili mwanzoni mwa karne iliyopita alipoonyesha kwamba ua la buluu la mashamba ya ngano ya Ulaya na waridi jekundu wana pigmenti ile ile. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915 kwa kazi yake ya rangi za mimea. Yeye aliona tofauti inatokana na uchachu. Wajapani waliochapisha muundo kamili wa buluu hiyo mwaka 2005 walikuta kwamba pigmenti zimekusanyika kuzunguka chuma, magnesiamu na kalsiamu. Uchachu peke yake hautoshi.

Weupe ndio unaonigusa kuliko rangi zote. Watu hudhani ua jeupe ni ua lisilojua kutengeneza rangi. Kumbuka hatua nilizozitaja: nyingi hazina rangi. Hata baada ya oksijeni kupachikwa, kinachopatikana bado hakina rangi, hadi kije kimeng'enya kimoja cha karibu na mwisho, ambacho wanasayansi hukiita ANS. Hicho ndicho kinachoivusha molekuli kutoka kutoonekana hadi kuonekana. Baada yake kinakuja cha kuifunga sukari, kisha pigmenti inahifadhiwa ndani ya vakuoli, ule mfuko wa maji ulio ndani ya seli.

Mwaka 2015 watafiti wa China walilinganisha petali za lotasi nyekundu na nyeupe. Tofauti kubwa waliikuta kwenye jeni ya ANS. Lotasi nyeupe ilikuwa nayo, ila ilikuwa haifanyi kazi inavyopaswa. Kwenye sehemu inayoiwasha jeni hiyo palikuwa na alama nyingi zaidi za kemikali zinazoizima. Kisha Januari 2020 jarida la Nature likachapisha jenomu, yaani mkusanyiko wa jeni zote, ya yungiyungi Nymphaea colorata, kazi iliyoongozwa na Liangsheng Zhang na wenzake. Walilinganisha aina yenye petali za buluu na yenye petali nyeupe, na miongoni mwa jeni zilizokuwa zikifanya kazi zaidi kwenye buluu ilikuwa hiyo hiyo ANS. Mimea miwili ambayo koo zake zimetengana kwa zaidi ya miaka milioni mia moja, na kila mmoja amefika kwenye weupe kwa kusimama karibu na kituo kile kile. Kazi yote ya awali imefanyika. Lotasi nyeupe na yungiyungi jeupe yanajua karibu njia yote ya kwenda kwenye rangi.

Na Nymphaea colorata ni wa wapi? Ni wa Tanzania. Albert Peter, mwanabotania Mjerumani, ndiye aliyeueleza kwanza kwa wataalamu. Mmea wa kwetu ndio ulioufungulia ulimwengu jenomu ya ukoo mzima wa mayungiyungi, lakini uchunguzi ulifanyika China. Yungiyungi la njano la Tanzania, Nymphaea stuhlmannii, lilipelekwa Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Pring wa bustani ya mimea ya Missouri alilichanganya na jingine akapata yungiyungi la njano la nchi za joto, akaliita St. Louis, jina la mji wake. Nymphaea thermarum, dogo kuliko yungiyungi lolote duniani, lenye maua meupe na majani yanayoweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, lilipatikana Mashyuza, Rwanda, mwaka 1987, na Mjerumani Eberhard Fischer. Chemchemi yake ya maji moto ilitumiwa vibaya hadi mmea ukatoweka pale. Mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa Ulaya ndizo zilizouokoa: Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, aliweza kuuotesha mwaka 2009. Mwaka 2023 ukaonekana tena ukiota wenyewe Rwanda. Nikiwasimulia wanafunzi wa Kinyarwanda habari hii hukaa kimya, kisha maswali huja yote kwa mpigo.

Siwalaumu waliozichukua mbegu. Ninachotaka ni kwamba mtoto wa Nakivale ajue kuwa mimea ya aina hii huzungumzwa kwenye majarida makubwa ya sayansi, na kwamba yeye anaishi jirani nayo. Ninataka pia wakubwa wa Mbarara wajue kwamba yungiyungi huota kwa shida kwenye maji yaliyojaa udongo, kwa sababu jani changa huanzia chini na linahitaji mwanga wa kupandia. Kingo za Rwizi zinalimwa hadi majini, mchanga unachimbwa, na kila mvua inapita na shamba la mtu. Maji hayo hayaishii kwetu. Yanaelekea Ziwa Viktoria na kutoka huko yanaingia Mto Naili, mpaka Misri, ambako wachoraji wa makaburi ya kale walilichora ua hili hili la buluu ukutani.

Muhula huu tunafanya jaribio. Ziwani kuna mayungiyungi yaliyokolea na mengine yaliyopauka karibu kuwa meupe, na wanafunzi wanataka kujua tofauti iko wapi. Tutachukua petali chache za kila upande, zipimwe uzito sawa, zisagwe na zitiwe kiasi kilekile cha spiriti na siki. Siki hulazimisha anthosianini zote kuwa nyekundu, hata kama ndani ya ua zilikuwa buluu. Baada ya kuchuja tutaziweka glasi mbili kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa na wekundu uleule, maua yote mawili yana pigmenti ya kiasi kimoja, na tofauti itabidi tuitafute kwenye uchachu wa seli, madini, au kile kilichoungwa juu ya delifinidini. Glasi moja ikiwa imepauka, basi kiwanda chenyewe ndicho kinachozalisha kidogo, na hapo mtu wa kwanza kutajwa darasani atakuwa ANS.